Somo la Shina na Mnazi wa Mafia

Wasomaji wetu, leo twataka kukosoa somo moja, na katika kulikosoa hatutamtaja mtunzi ye yote wala shule yo yote, kwa kuwa mkosaji wa kwanza katika habari hii ni sisi wenyewe. Somo lenyewe ni lile la shina la mti, wapewalo watoto waanzapo kujifunza tishu za mimea, yaani jinsi mwili wa mti ulivyofumwa, jinsi unavyokua, na jinsi sehemu zake zinavyogawana kazi. Sisi tulilipokea tulipokuwa wanafunzi, tukalinakili katika madaftari yetu, tukavuka nalo bahari hata kisiwani Mafia, tukalifundisha kama tulivyolipokea, bila kupunguza wala kuongeza. Hata siku moja mtoto mmoja akatufungua macho.

Tulikuwa tumetoa jaribio dogo darasani. Swali la nne liliuliza, "Umri wa mti hujulikanaje?" Jibu lililotakiwa, kwa kufuata daftari letu, lilikuwa hili: "Kwa kukata gogo na kuhesabu pete zake, kwa sababu mti huongeza pete moja kila mwaka." Watoto wote waliandika hivyo, ila kijana mmoja, ambaye baba yake hupasua magogo ya minazi kuwa mbao na boriti. Yeye aliandika, "Sijui, kwa sababu mnazi hauna pete. Nimetazama, sikuziona." Tukampa alama ya kosa kwa wino mwekundu. Siku ya pili asubuhi kijana akaja amejitwika kipande cha gogo la mnazi, kimekatwa sawasawa kwa msumeno. Akakitua mezani, akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Baba ameniambia nikuletee, labda wewe utaziona."

Tulikitazama kile kipande mbele ya darasa lote. Hakikuwa na pete hata moja. Kilikuwa na madoa meusimeusi, maelfu kwa maelfu, yametawanyika kama nukta za wino, yamesongamana karibu na nje, na kuwa haba katikati. Tulitafuta gome la kuambua, kama la mwembe, hatukulipata. Tukamwambia kijana, "Rudi ukakae, tutalizungumza jambo hili." Lakini kweli ni kwamba tulikuwa hatuna la kuzungumza. Tangu siku ile tumelichunguza somo hili upya, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Kwanza yafaa tulipe haki yake, maana mwenye kukosoa bila kusifu panapostahili ni mtu wa ugomvi tu. Somo lasema kwamba mwili wa mti ni vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho matupu, viitwavyo seli. Katika ncha ya chipukizi na katika ncha ya mzizi ziko seli changa zisizokuwa na kazi maalum ila kugawanyika, moja kuwa mbili, na mbili kuwa nne. Sehemu hiyo huitwa meristemu. Seli zinazoachwa nyuma ya ncha hurefuka, kisha kila moja hushika kazi yake. Nyingine huwa ngozi ya nje, nyingine huwa ghala ya chakula na maji, nyingine huwa nyuzi ngumu za kuushikilia mti usianguke. Nyingine hujipanga mkia kwa kichwa, zikafa, zikabaki mabomba matupu ya kupandishia maji toka mizizini; hizo ndizo zailemu. Nyingine hubaki hai, zikachukua chakula kilichopikwa na majani na kukipeleka kila mahali penye haja. Hizo ndizo floemu.

Haya yote ni kweli, tena ni ya ajabu. Somo laendelea kusema kwamba kati ya gome na mti wa ndani kuna utando mwembamba uitwao kambiamu, ambao upande wa ndani hutoa mbao na upande wa nje hutoa floemu, na ndivyo mti unenepavyo. Hili nalo ni kweli kwa mwembe, mkorosho, mwarobaini na mkungu. Mtu akiukata mwembe kwa panga, baada ya miezi utaona midomo ya jeraha imevimba na kuanza kukutana. Hiyo ni kazi ya kambiamu. Na wale wajuao kubebesha miembe na michungwa hufaulu kwa sababu hiyo hiyo: kambiamu ya kikonyo kipya hugusana na kambiamu ya shina, zikaungana, mti mmoja ukalishwa na mizizi ya mwingine. Hapa somo halina lawama.

Kosa la kwanza ni kwamba somo latwaa mti mmoja na kuufanya miti yote. Lasema "mti", halisemi "mti wa namna hii". Sasa mtoto wa Mafia asikiapo neno "mti", je, awaza nini? Atokapo nyumbani Kilindoni kwenda Utende, au Kirongwe kwenda Bweni, hupita chini ya minazi. Kisiwa hiki kimeishi kwa mnazi tangu zamani za mashamba makubwa ya Waarabu, kisha ya Wajerumani, hata leo. Nyumba huezekwa kwa makuti yake, chakula huungwa kwa tui lake, na majahazi huchukua nazi zake kwenda kuuzwa bara. Na mti huo, ambao mtoto aujua kuliko yote, ndio ambao somo halimo ndani yake.

Mnazi hauna kambiamu. Ni wa jamaa moja na mkindu, mvumo, mgomba, mwanzi, mahindi na mpunga, yaani mimea ambayo mbegu yake ina jani moja tu la kwanza, wala si mawili kama ya kunde au ya embe. Katika mimea hii mishipa haikupangwa duara chini ya gome, bali imetawanyika mwilini mwote katika vitita vidogo vidogo, na kila kitita kina zailemu yake na floemu yake, kimevikwa ala ya nyuzi ngumu. Hivyo ndivyo vilivyokuwa yale madoa meusi katika kipande cha kijana. Kwa kuwa vitita vimesongamana nje, mbao ya nje ya mnazi ni ngumu hata msumeno hulia, na ya katikati ni laini, haifai boriti. Baba wa kijana ayajua hayo kwa mikono yake, bila kuwa na darubini.

Basi mnazi unanenepaje, kama hauna kambiamu? Jibu ni kwamba hunenepa kwanza, ndipo urefuke. Katika miaka yake ya mwanzo, mtu adhaniapo kwamba mche haukui, ile ncha yenye meristemu inapanuka chini kwa chini, karibu na ardhi, hata ifikie upana wake. Baada ya hapo shina huanza kupanda juu. Ni kama mtoto aliyekatiwa kanzu moja ya kuvaa maisha yake yote. Ukija ukame wa muda mrefu, au shamba likiachwa magugu, shina hufanya kiuno chembamba mahali pale, na kiuno hicho hakijazi tena, hata mvua zikinyesha miaka ishirini. Mwembe waweza kusahau njaa yake kwa kuizungushia mbao mpya, mnazi hausahau.

Na umri wake je? Mnazi umeuandika nje, si ndani. Kila kuti likianguka huacha kovu linalozunguka shina. Mnazi mzima uliotunzwa vizuri hutoa makuti kumi na mawili hivi kwa mwaka, pengine zaidi kidogo. Basi mtu akihesabu makovu, akagawanya kwa kumi na mbili, akaongeza ile miaka ya utoto kabla shina halijainuka, atapata umri wake kwa kukisia, bila kuukata. Tazameni, ndugu: somo letu lilimfundisha mtoto kuuangusha mti ili ajue umri wake, na mti wenyewe ulikuwa umesimama mbele yake na hesabu yake imeandikwa ngozini.

Kosa la pili ni katika hizo pete zenyewe. Kanuni ya pete moja kwa mwaka mmoja ilitoka katika nchi zenye majira ya baridi kali. Huko mti hulala wakati wa baridi, huamka na kutengeneza mbao yenye mabomba mapana, kisha hupunguza mwendo na kutengeneza mbao iliyobana, ukalala tena. Basi mpaka wa mwaka huonekana wazi. Pwani yetu hakuna usingizi wa namna hiyo. Tuna masika na vuli, kusi na kaskazi, na miti mingi ya hapa haionyeshi pete dhahiri, au huonyesha zisizolingana na miaka. Iko miti ya nchi za joto yenye pete za kuaminika, hasa mahali penye kiangazi kikali, kama vile msaji na mninga wa bara. Lakini nenda mikokoni, ukatazame gogo la mchu. Utaona pete nzuri kabisa, na mtu akizihesabu kuwa miaka atapotea. Mchu hauridhiki na kambiamu moja. Huanzisha nyingine nje ya ile ya kwanza, na nyingine tena nje ya hiyo, na kila moja huacha pete yake, na idadi yake haifuati miaka. Kwa hiyo hata mwenye pete si lazima awe mwenye kalenda.

Kosa la tatu twaliona kuwa kubwa kuliko hayo mawili. Somo latoa majina na kuficha kazi. Mtoto hukariri "meristemu, parenkima, zailemu, floemu" kama mtu asomaye majina ya vituo vya treni asiyoipanda. Sisi hatuchukii maneno ya kigeni. Kiswahili kimepokea mengi nacho hakikupungukiwa. Lakini neno geni lahitaji kukaribishwa na mwenyeji. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alipotazama kipande cha gome jepesi kwa darubini, aliona vishimo vingi vimepangana, akaviita kwa neno la lugha yake lenye maana ya chumba kidogo. Na Mwingereza mwingine, daktari Nehemiah Grew, katika kitabu alichokichapa mwaka 1682, alipotaka kueleza mwili wa mmea ulivyo ndani, aliufananisha na kazi ya nyuzi, ile nakshi ifumwayo na wanawake wa kwao. Yaani mabwana hao hawakuanza kwa maneno magumu. Walianza kwa vitu vya nyumbani kwao.

Je, sisi tumekosa vitu vya nyumbani? Wanawake wa Mafia wasukapo ukili, hupasua miaa, huichovya rangi, huipanga, nyingine kwenda juu na nyingine kwenda kando, kisha huishona kuwa mkeka. Mwaa mmoja si mkeka. Mwaa ni kama seli. Ukili ni kama tishu. Mkeka ni kama jani au shina lililokamilika. Mwalimu akishika ukili mkononi na kusema maneno hayo matatu, mtoto hatasahau. Tena nguvu ya mwaa yatoka katika zile nyuzi ngumu tulizozitaja, na hivyo hivyo nguvu ya kamba itokayo katika makumbi ya nazi yaliyofukiwa mchangani pwani, yakaoza sehemu laini na kubakiza nyuzi. Kufukia makumbi ni kutenganisha tishu mbili: moja huoza, ya pili haiozi upesi. Mama zetu wamefanya kazi hiyo karne nyingi, na mtoto wao hufika shuleni akaambiwa kwamba tishu ni jambo geni.

Tena lugha yetu imeshika habari za kukua kwa nazi kuliko daftari lo lote. Likichanua upunga, kitokeacho kwanza ni kidaka. Kidaka kikikua ni kitale. Kitale kikijaa maji ni dafu. Dafu likikomaa kidogo ni koroma. Na koroma likikauka ni nazi. Haya si majina ya saizi tu. Yahusu mabadiliko ya tishu. Yale maji ya dafu si maji tu. Ni chakula cha mche ujao, nacho kikiwa kichanga ni majimaji yanayoelea viini vya seli visivyokuwa na kuta. Baadaye kuta huanza kujengwa, kwanza upande ulio mbali na kikonyo, ndiyo maana dafu changa ukilipasua waona utando laini upande mmoja na upande wa pili hakuna kitu. Utando ukienea na kukaza huwa nyama ya nazi. Na nazi ikianza kuota, mche huingiza ndani joya, ile donge nyeupe nyepesi waipendayo watoto. Joya ni kinywa cha mche. Huvimba, hujaza kifuu, na kuinyonya nyama kidogo kidogo, huku chipukizi likitokea katika jicho moja laini kati ya yale matatu. Mtoto ajuaye kutofautisha dafu na koroma kwa kuligonga kwa ukucha ameshajifunza nusu ya somo kabla mwalimu hajafungua kinywa.

Hapa lazima tuongeze jambo ambalo lilitushangaza tulipolisoma. Mwaka 1941 Johannes van Overbeek na wenzake, huko Marekani, walikuwa wakijaribu kukuza viini vichanga vya mmea uitwao datura nje ya mbegu zake, navyo vilikuwa vikifa. Walipovitilia maji ya nazi, vikaishi na kukua. Mwaka 1948 Caplin na Steward walitia maji ya nazi katika vipande vya karoti, na seli zake, zilizokuwa zimekoma kugawanyika, zikaanza tena. Mwaka 1958 Steward alieleza jinsi seli zilizotoka katika floemu ya karoti zilivyokuzwa hata zikawa mimea mizima, yenye mizizi na majani. Maana yake ni kwamba seli ikishika kazi moja haisahau kazi nyingine zote. Hukumbuka namna ya kuwa mmea mzima, ikipata wa kuiamsha. Na moja ya vitu vilivyoiamsha ni maji ya dafu. Lakini mnazi wenyewe ulikuwa mkaidi. Kwa muda mrefu wataalamu walishindwa kuuzidisha kwa njia hizo. Mwaka 2021 wataalamu wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza njia ya kuyafanya machipukizi ya mnazi yazidi chupani. Habari hizi hazimo katika daftari letu. Tulimfundisha mtoto kwamba elimu hii yatoka mbali, kumbe nayo ilipita katika kifuu cha nazi.

Huenda msomaji atasema, "Mwalimu, haya ni mabishano ya darasani, mtu wa shamba yamhusu nini?" Yamhusu sana, na hapa ukosoaji wetu watoka shuleni na kuingia kijijini, maana wazee wetu nao wanayo makosa yao.

Jirani yetu mmoja, mzee mwenye heshima, alikata vidato katika minazi yake yote ili iwe rahisi kukwea. Tulipomwuliza kama haogopi kuiharibu, alijibu, "Mti haufi kwa jeraha, mwanangu. Utaota ngozi, kama mwembe." Mzee alisema kweli juu ya mwembe na kosa juu ya mnazi. Mnazi hauna kambiamu ya kuziba jeraha. Kidato kilichokatwa leo kitakuwapo siku mti utakapoanguka. Mti hautakufa mara moja, kwa kuwa mishipa yake imeenea mwilini mwote na iliyokatwa ni ya nje tu. Lakini ile ya nje ndiyo yenye nguvu. Maji ya mvua hukaa katika kidato, uozo huingia, na siku ya upepo mkali shina huvunjika pale pale. Tena mishipa ya chini ya mnazi ni ile ile tangu ulipokuwa mchanga. Hakuna mipya ya kushika nafasi ya ile iliyokufa. Mwenye kukwea kwa kamba miguuni anatunza mali yake. Mwenye kukata vidato anakula mtaji.

Jambo la pili ni shaha, ule moyo mweupe wa mnazi ulio kileleni, umefungwa ndani ya vilifu. Humo ndimo mlimo meristemu, na mnazi unayo moja tu. Mwembe ukikatwa kichwa hutoa vichwa kumi. Mkoche nao hugawanya kilele chake kuwa viwili. Bali mnazi ukifa kilele umekufa wote. Ndiyo maana mdudu chonga, yule mweusi mwenye pembe, ni adui mkubwa kuliko ukubwa wake. Hutoboa katika makuti machanga yaliyokunjwa bado, na kuti likifunguka huonekana limekatwa kama kwa mkasi. Akilifikia shaha, au uozo ukifuata tundu lake, basi. Mabuu yake hukua katika magogo yaliyooza na katika mbolea. Kwa hiyo mtu aachaye gogo la mnazi lioze shambani anamjengea chonga nyumba. Lipasuliwe, likaushwe, litumiwe kwa kuni au lichomwe.

Jambo la tatu lahusu pwani ya bara. Huko minazi mingi imekufa kwa ugonjwa wa kunyong'onyea: nazi huanguka kabla ya wakati, makuti hugeuka manjano, moyo huoza, na shina husimama kama nguzo ya simu. Wataalamu wa Mpango wa Taifa wa Kuendeleza Minazi, ulioanza mwaka 1979 na kituo chake kuwa Mikocheni, waliuchunguza sana. Kiumbe kiuletacho, fitoplazima, huishi ndani ya floemu, katika ile njia ya chakula. Ajuaye floemu ni nini ataelewa mara moja kwa nini kunyunyiza dawa juu ya makuti hakusaidii kitu, na kwa nini yafaa kuchagua mbegu zenye kustahimili.

Na jambo la nne ni kinyume cha hayo. Wale wachunao magome ya mkandaa kwa rangi, au ya mwarobaini kwa dawa, huona mnazi ukikwaruzwa pande zote na kuishi, wakadhani miti yote ni hivyo. Wakauchuna mti kuuzunguka. Hapo wameikata floemu yote na kambiamu yote; chakula cha majani hakiwezi kushuka, mizizi hufa njaa, na mti hukauka polepole hata mchunaji asijue kwamba yeye ndiye muuaji. Mbuyu ni wa peke yake, kwa kuwa waweza kurudisha gome lake hata ukichunwa sana. Lakini mbuyu si kipimo cha miti mingine. Atakaye dawa na achune upande mmoja tu, ukanda mwembamba, auachie mti njia.

Basi mwaona, wasomaji, kwamba kosa la shule na kosa la kijiji ni moja. Shule ilitwaa mti wa kigeni ikaufanya kipimo cha mnazi. Mzee alitwaa mwembe akaufanya kipimo cha mnazi. Mchunaji alitwaa mnazi akaufanya kipimo cha mwarobaini. Wote watatu hawakutazama.

Walimu wenzetu wengine wametuambia, "Mtihani hauulizi habari za mnazi, ukimfundisha mtoto hivyo utamfelisha." Neno hili si la kudharauliwa, maana maisha ya mtoto yako katika mtihani. Lakini twajibu kwamba mtoto aliyeelewa kambiamu kwa kulinganisha mwembe ulio nayo na mnazi usio nayo atalijibu swali la kambiamu vizuri kuliko aliyekariri. Wengine nao, hasa vijana wakubwa waliokiona kile kipande cha gogo, walicheka wakisema, "Kumbe elimu ya vitabu ni uongo." Hao nao twawakataza. Baba wa kijana aliona kwamba pete hazipo. Hakujua kwa nini hazipo. Sababu yake ilipatikana kwa darubini na kwa vitabu. Jicho la baba na kitabu cha mwalimu ni kama macho mawili ya mtu mmoja. Atakayefumba moja asijisifu kwamba aona vema.

Ushauri wetu kwa walimu wa pwani na visiwani ni huu. Somo la shina lianze kwa vitu vinne mezani: kipande cha mnazi, kipande cha tawi la mwembe, kipande cha mchu, na ukili. Watoto wavitazame, waseme wenyewe tofauti zake, ndipo mwalimu atoe majina. Kisha achukue mchicha mchanga wenye shina jeupe, autie katika chupa ya maji yenye wino mwekundu, auache hata saa chache zipite, aukate mbele yao. Watayaona mabomba ya maji yamejitia rangi, nao hawatahitaji kukariri. Gharama yake ni wino kidogo.

Na kijana je? Juma lile lile tulilikusanya darasa, tukaliandika swali la nne upya ubaoni, tukasema wazi kwamba mwalimu ndiye aliyekosea. Tulichukua karatasi yake, tukaifuta ile alama nyekundu, tukampa alama zake kamili. Watoto walinyamaza kimya, maana hawakuwa wamezoea jambo hilo. Sisi tulikuwa tukiogopa kwamba heshima yetu itapungua. Lakini kesho yake walikuja na vitu vingi hata meza haikutosha: mzizi wa mchu uliosimama kama msumari, joya, kilifu, karara, gome la mbuyu, na kila mmoja akauliza, "Mwalimu, na hiki je?" Mengine tuliweza kuyajibu, mengine tuliyaandika daftarini ili tuyatafute. Kipande cha mnazi kingali darasani. Tumekipiga randa kidogo, nacho sasa ndicho kinachotangulia somo.